Ukarabati wa nyumba unapokwama: kutoka dalili hadi chanzo

Ukarabati wa nyumba hukwama kwa namna inayopotosha, kwa sababu tatizo hujitokeza katika chumba kimoja ilhali chanzo chake kimelala wiki tatu nyuma katika chumba kingine, au katika simu iliyopigwa na mtu ambaye siku hiyo hakuwapo nyumbani. Mwenye nyumba huona kigae kimevunjwa akamlaumu fundi wa vigae, huona saruji imeisha akamshuku kibarua, na huona fedha zimekwisha akazilaumu bei za madukani. Mara nyingi anayelaumiwa siye mwenye kosa, ndiyo maana tatizo lile lile hurudi wiki inayofuata mikononi mwa fundi mwingine.

Nilijifunza haya nilipokuwa nikisimamia ukarabati wa nyumba ya mama yangu iliyoko Migosi, Kisumu, huku mimi nikiishi na kufanya kazi Nakuru, na baadaye nilipokarabati nyumba ninayokaa katika mtaa wa Section 58. Nyumba ya kwanza ilichukua miezi saba badala ya mitatu. Ya pili ilimalizika wiki moja tu baada ya tarehe tuliyopanga, na wawili kati ya mafundi wake wanne walikuwa wale wale waliofanya kazi Migosi. Mafundi hao hawakuwa wamebadilika; kilichobadilika ni kwamba safari hii tangu mwanzo palikuwa na daftari, kalenda ukutani, na kanuni chache ambazo kila aliyeingia mjengoni alizijua siku ya kwanza. Ninazifuata hapa dalili kama zinavyojitokeza kazini, nikieleza namna ya kutenganisha vyanzo vinavyofanana, kwa maana dawa ya chanzo kimoja huweza kukizidisha kingine.

Kabla ya kuchunguza: daftari la jikoni

Huwezi kutafuta chanzo cha tatizo ikiwa hakuna kumbukumbu ya yaliyotangulia. Nunua daftari kubwa lenye jalada gumu, litoboe pembeni, lifunge kwa kamba na ulitundike kwenye msumari jikoni pamoja na penseli, maana kalamu ya wino hugoma kwenye karatasi yenye vumbi la saruji. Ligawe sehemu nne. Katika sehemu ya kazi, kila siku huandikwa mstari mmoja au miwili: nani alikuja, alifanya nini, kiasi gani kilipimwa, na kama mvua ilinyesha. Katika sehemu ya vifaa huandikwa kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki. Katika sehemu ya fedha huandikwa kila shilingi iliyotoka, hata kama imelipwa kwa M-Pesa, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa hukuonyesha tarehe, kiasi na jina la mpokeaji, lakini hausemi kama fedha hizo zilikuwa za mchanga, za nauli au za ujira. Sehemu ya nne ni ya maamuzi, na watu wengi huiacha, ilhali ndiyo inayomaliza ugomvi mwingi kuliko zote tatu za kwanza. Humo huandikwa rangi iliyochaguliwa, urefu wa soketi kutoka sakafuni, upande ambao mlango utafungukia, pamoja na jina la aliyeamua na tarehe.

Anayeandika awe mtu mmoja, na aandike kabla mafundi hawajaondoka jioni. Migosi aliandika mpwa wangu aliyekuwa akisubiri kujiunga na chuo, na kila saa kumi na moja alipiga picha ya kurasa na kunitumia kwa WhatsApp. Nikiwa Nakuru, picha ile ya daftari ilinisaidia kuliko simu ya video, kwa kuwa kwenye video kila ukuta huonekana umenyooka.

Dalili ya kwanza: kazi iliyokamilika inavunjwa ili kazi nyingine ifanyike

Dalili hii hula fedha nyingi kuliko zote na inastahili kuelezwa kwa urefu. Bafu la mama lilikuwa na mabomba ya chuma yaliyowekwa zamani. Fundi wa vigae alipatikana mapema, ilhali fundi wa mabomba alikuwa Ahero akimalizia kazi ya mtu mwingine, nami kwa simu nikakubali vigae vianze ili siku zisipotee. Vigae vilipendeza. Baada ya siku kumi unyevu ulionekana upande wa pili wa ukuta, katika chumba cha kulala, na tulipopasua tulikuta bomba limeliwa na kutu nyuma ya safu tatu za vigae vipya. Jirani aliyepita alisema fundi wa vigae amefanya kazi mbaya. Hakuwa amekosea lolote. Alifanya kazi nzuri kwa wakati usiofaa, na mimi ndiye niliyempa ruhusa.

Ukiona jambo kama hili, jiulize kwanza kama kilichovunjwa kilikuwa na kasoro chenyewe, au kilivunjwa ili kukifikia kitu kilichojificha nyuma yake. Ikiwa kilikuwa na kasoro, tatizo ni la ufundi na utalikuta chini zaidi katika mwongozo huu. Ikiwa kilivunjwa ili kufikia kilichojificha, tatizo ni la mpangilio, na kumbadilisha fundi hakutasaidia.

Kanuni ya mpangilio ni kwamba kinachofichwa hutangulia kinachofunika, na kinachochafua hutangulia kinachochafuka. Paa huja mwanzo kabisa, kwa sababu hakuna maana ya kutengeneza dari chini ya mabati yanayovuja. Kisha hubomolewa kinachobomolewa na kurekebishwa kuta, linta (boriti zilizo juu ya milango na madirisha) na fremu. Baada ya hapo mabomba na nyaya hulazwa ndani ya kuta na kujaribiwa, ndipo plasta ifuate na kukomaa, kisha dari, vigae vya ukutani na sakafuni, milango, rangi, na mwisho kabisa swichi, taa, masinki na vitasa. Wapo mafundi wanaopenda kupaka rangi ya kwanza kabla ya vigae vya sakafuni ili matone yasiwe hoja, nami naliona ni jambo la busara, mradi koti la mwisho libaki hadi vumbi litulie.

Mpangilio pekee hautoshi, kwa kuwa siku ya kazi kila mtu ana haraka. Kinachousimamia ni lango, yaani mahali ambapo kazi husimama hadi kitu fulani kiandikwe daftarini. Malango yangu ni mawili. La kwanza liko kabla ya plasta: mabomba yajazwe maji, mifereji ifungwe, na mfumo ukae hivyo kwa saa 24 huku kila kiungo kikikaguliwa kwa mkono mkavu; nyaya ziwe ndani ya paipu zake; kisha kila ukuta upigwe picha huku futi kamba ikiwa imenyooshwa kutoka pembeni mwa ukuta hadi kwenye bomba au waya. Picha isiyo na futi kamba hukwambia kwamba bomba lipo, lakini haikwambii utoboe wapi utakapotaka kutundika kabati mwaka ujao. Lango la pili liko kabla ya vigae vya bafuni: tundu la kutolea maji lizibwe, sakafu ijazwe maji ya kina cha sentimita mbili au tatu, alama ya penseli itiwe ukutani kwenye usawa wa maji, na kesho yake wakati ule ule alama iangaliwe. Maji yakishuka kwa kiasi kinachoonekana wazi, au ukuta wa jirani ukilowa, vigae havianzi, hata kama fundi wa vigae amekwisha kufika na begi lake.

Kuhusu umeme nasema jambo moja tu. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na petroli, na akuonyeshe, kwani leseni hizo hutolewa kwa madaraja na huisha muda. Waya mbovu uliofunikwa kwa plasta hauna dalili ya mapema ambayo mwenye nyumba anaweza kuitambua.

Dalili ya pili: fundi huja siku moja na kupotea tatu

Watu husema mafundi si waaminifu na kuishia hapo. Daftari husema zaidi. Fungua sehemu ya kazi na sehemu ya fedha kwa pamoja, uangalie nini kilitokea siku moja kabla ya kila siku ambayo hakuja.

Ikiwa kutokuja kulifuata malipo makubwa, chanzo ni kwamba fedha zimeitangulia kazi. Fundi ana familia na ana wateja wengine, na mteja ambaye bado hajalipa ndiye anayemvuta. Dawa yake ni kuigawa kazi katika hatua zinazopimika na kulipa kila hatua inapokamilika: plasta ya sebuleni mita za mraba kadhaa, plasta ya ukumbini, na kuendelea. Malipo ya awali yawe ya vifaa pekee, na yaende moja kwa moja kwenye nambari ya duka, si mkononi mwa fundi. Fundi mzuri hachukizwi na utaratibu huu akielezwa siku ya kwanza; huchukizwa akiletewa katikati ya kazi, kwa sababu hapo unaonekana kama tuhuma.

Ikiwa siku ya kutokuja ilifuata siku ambayo sehemu ya vifaa inaonyesha mchanga umeisha au paipu hazikufika, basi wewe ndiye uliyemfukuza. Fundi aliyefika saa mbili asubuhi akakaa hadi saa sita akisubiri mkokoteni ulete saruji amepoteza siku, na kesho ataenda mahali ambapo vifaa vipo. Utaratibu wa kuzuia hali hii ni mdogo mno: kila Alhamisi jioni fundi na mwandishi wa daftari wanakaa dakika kumi na kuandika vifaa vya wiki inayofuata, navyo vinafika Jumamosi au Jumatatu alfajiri. Tulipoanza kufanya hivyo Migosi, siku za kutokuja zilipungua bila mtu yeyote kugombezwa.

Ipo sababu ya tatu ambayo sisi wa magharibi tunaijua na bado tunapanga kazi kana kwamba haipo. Mvua za masika zinapoanza, kuanzia mwezi Machi, mafundi wengi wana shamba la kulima na kupanda Siaya, Vihiga au Bungoma, na Jumamosi nyingi ni siku za mazishi. Ziandike siku hizo kwenye kalenda tangu mwanzo, umuulize fundi atakuwa wapi, na upange kazi kwa siku tano za wiki. Ratiba yenye siku sita kwa wiki huchelewa, na lawama humwangukia mtu aliyeenda kumzika shangazi yake.

Dalili ya tatu: saruji inaisha kabla ya hesabu

Hapa wizi ndio hutajwa kwanza, nami nashauri utajwe mwisho, baada ya vyanzo vingine vinne kupimwa.

Anza na unene. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, na kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga minne, plasta ya milimita 15 hufunika takriban mita za mraba nane hadi tisa kwa mfuko. Unene ukifika milimita 30, mfuko ule ule hufunika nusu yake. Kuta za sebule ya mama ni za matofali ya kuchomwa, yale yanayotengenezwa kwa mikono kote magharibi, ambayo hayalingani ukubwa na mara nyingi yamejengwa bila kamba. Eneo lilikuwa mita za mraba 40, tukatarajia mifuko mitano, ikatumika tisa. Kaka yangu alikuwa tayari kumfukuza kibarua. Tulipotoboa mahali sita kwa msumari na kupima kina, wastani ulikuwa karibu milimita 28, na mifuko yote tisa ikawa imejieleza. Tangu siku hiyo sinunui saruji ya plasta kabla fundi hajatundika timazi na kuvuta kamba kutoka pembe hadi pembe, ili ukuta wenyewe useme utakula kiasi gani. Tofali lililotokeza sana huchongwa kwanza, maana kulificha chini ya plasta ni kuongeza unene wa ukuta mzima.

Chanzo cha pili ni kipimo cha sepetu. Sepetu moja ya mchanga uliorundikwa na sepetu moja ya saruji inayomwagika hazina ujazo sawa, na kibarua aliyechoka saa tisa alasiri hachoti kama alivyochota asubuhi. Tumieni ndoo moja au karai moja, ijazwe na kusawazishwa kwa ubao, na idadi iandikwe kwa chaki ukutani karibu na mahali pa kuchanganyia. Chanzo cha tatu ni kuchanganya kingi kupita kiasi, kwani saruji iliyolowa huanza kushika ndani ya saa moja hivi, na mchanganyiko ulioachwa wakati wa chakula cha mchana kisha ukaongezwa maji ili ulainike umepoteza nguvu yake, na haki yake ni kutupwa. Chanzo cha nne ni uhifadhi: mfuko uliowekwa sakafuni au ukaegemea ukuta hunyonya unyevu na kuganda madonge, na hali hii hutokea haraka Kisumu wakati wa mvua. Mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, na iliyotangulia kuingia itumike kwanza.

Ndipo sasa ufike kwenye wizi, na hapo nako utaratibu unatosha bila makelele. Mifuko mitupu haitupwi wala haichomwi. Inakunjwa na kufungwa kumi kumi, na kila Ijumaa inahesabiwa pamoja na mizima. Jumla ikilingana na sehemu ya vifaa daftarini, shauri limekwisha. Isipolingana, una swali la wiki moja tu kuuliza, na si la mwezi mzima.

Dalili ya nne: plasta inapasuka na rangi inabambuka

Angalia umbo la nyufa. Nyufa nyembamba zinazotandaa kama utando wa buibui, zikatokea siku chache baada ya kupiga plasta, huonyesha kwamba plasta ilikauka haraka mno au mchanga ulikuwa na udongo mwingi. Mchanga hupimwa kwa chupa ya kioo: ujaze nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu na uache chupa itulie kwa saa chache. Mchanga hutua chini na udongo laini hukaa juu yake kama tabaka la rangi nyingine. Tabaka hilo likizidi sehemu moja katika kumi na mbili hivi ya mchanga, mrudishie mwenye lori au uoshe. Ufanye upimaji huu lori likiwa bado limesimama, kwa sababu mchanga uliokwisha kumwagwa uani ni mchanga wako.

Kukauka haraka ni suala la kalenda. Plasta na zege huhitaji kumwagiliwa maji ili zikomae, na siku saba ndicho kiwango ninachokishika, asubuhi na jioni, na mchana pia ikiwa jua ni kali. Nakuru mwezi wa Januari na Februari upepo mkavu huunyonya ukuta unyevu hata kama mtu haoni joto, na watu wanaotoka Kisumu hudanganywa na ubaridi huo. Kosa la kawaida ni kila mtu kudhani mwingine amemwagilia. Bandika kalenda karibu na mlango, andika jina la mwenye zamu, naye atie alama kila anapomaliza. Nafasi mbili tupu zikifuatana, unajua nyufa zimetoka wapi.

Rangi inayobambuka au kufanya malengelenge ina swali moja la msingi: unyevu unatoka ndani ya ukuta, au hewani? Bandika kipande cha plastiki kinachoonyesha, cha ukubwa wa karatasi ya daftari, ukizibe kingo zote kwa utepe, na ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani, nawe utafute bomba linalovuja, udongo wa nje uliorundikwa juu kuliko sakafu, au plasta mpya iliyopakwa rangi mapema. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa jikoni au wa kuoga, na dawa yake ni dirisha. Plasta mpya naiacha wiki nne kabla ya rangi. Mafundi wa rangi hunisihi nipunguze, nami huwaonyesha dirisha la ukumbi wa Migosi, ambako tulisubiri siku tisa tu na ikabidi tupake upya.

Ufa wa mshazari unaotoka kwenye pembe ya dirisha au mlango, mpana juu kuliko chini au kinyume chake, ni jambo jingine kabisa, na daftari haliutibu. Sehemu za Kisumu na uwanda wa Kano zina udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na msingi usiofika chini vya kutosha huyumba pamoja nao. Tia alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, uandike tarehe, na uangalie tena baada ya mwezi na baada ya msimu kubadilika. Ukiendelea kukua, mwite mhandisi kabla hujanunua hata kilo moja ya rangi.

Dalili ya tano: fedha zimekwisha na kazi bado

Vyanzo viwili hupaswa kutenganishwa: ama makadirio yalikuwa pungufu tangu mwanzo, ama kazi iliongezeka njiani. Linganisha orodha ya kazi ya siku ya kwanza na sehemu ya kazi daftarini. Ikiwa kazi ni zile zile, makadirio yalikosea, na kosa la kawaida ni kukisia badala ya kupima. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina ukuta wa mita za mraba 40.5, ukiondoa mlango mmoja na dirisha moja hubaki karibu 37, na kwa makoti mawili ni 74. Lita moja ya rangi ya maji ikifunika mita za mraba kumi, unahitaji lita saba na nusu, yaani mikebe miwili ya lita nne. Sakafu yake ni mita za mraba 14, nawe huongeza asilimia kumi kwa vigae vitakavyokatwa na kuvunjika, ukinunua vyote mara moja, kwa kuwa vigae vya toleo jingine huweza kutofautiana rangi kidogo hata kama jina ni lile lile.

Ikiwa kazi zimeongezeka, utazikuta ni ndogo ndogo na kila moja ilionekana haina gharama: rafu jikoni, soketi ya ziada, kibaraza kusogezwa mbele kidogo. Mama alikuwa akimwambia fundi kwa upole, “Mwanangu, na hapa pia ungenisaidia,” naye fundi kwa heshima alijibu, “Sawa, Mama,” na mwisho wa mwezi akadai haki yake. Hakuna aliyekosea. Ila tuliweka kanuni kwamba nyongeza yoyote inaandikwa katika sehemu ya maamuzi ikiwa na bei yake na idadi ya siku, kabla ya mwiko kushikwa. Mama mwenyewe aliifurahia, kwa kuwa alipoona bei aliacha rafu mbili na kuchagua kibaraza. Kando ya makadirio tenga asilimia kumi hadi kumi na tano kwa yale ambayo ukuta hauyasemi hadi ubomolewe. Nyumba ikiwa ya zamani, tenga kumi na tano.

Hapa pia huingia tatizo la sauti nyingi. Mama anasema hivi, kaka aliyeko Kondele anapita na kusema vile, mimi napiga simu kutoka Nakuru na kusema la tatu, na fundi anafanya alilosikia mwisho. Chagueni msemaji mmoja, jina lake liandikwe ukurasa wa kwanza, na wengine wote, hata akiwa kifungua mimba, wapeleke maoni yao kwake.

Dalili ya sita: maafisa wa kaunti wamesimamisha kazi

Kupaka rangi na kubadilisha vigae havina shida. Kuongeza chumba, kuongeza ghorofa au kubadilisha muundo wa nyumba huhitaji kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, na kwa kazi kubwa hufaa kuhakikisha mkandarasi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ikiwa mpango wako unagusa ukuta unaobeba paa, nenda ofisi ya mipango kabla ya kubomoa, na nakala ya kibali ikae ndani ya jalada la daftari.

Dalili ya saba: kazi imeisha lakini haiishi

Mlango unakwaruza, kitasa kimoja hakifungi, bomba la sinki linadondoka, na fundi anasema atapita kesho. Chanzo chake karibu kila mara ni kwamba amelipwa yote. Zuia sehemu moja katika kumi ya ujira, makubaliano yakiwa yameandikwa tangu siku ya kwanza, kisha mtembee naye chumba kwa chumba mkiwa na chaki: fungua kila mlango, washa kila taa, gonga kila kigae kwa sarafu ukisikiliza mlio wa uwazi, mwaga maji bafuni uone yanaelekea wapi. Kila kasoro ipate nambari ya chaki mahali pake na mstari daftarini. Zikimalizika zote, chaki inafutwa na salio linalipwa siku hiyo hiyo, bila kuzungushana, kwa sababu mwenye nyumba anayechelewesha salio huharibu utaratibu huu kwa wote watakaomfuata.

Paa pekee nalitenga. Ndoo ya maji iliyomwagwa juu ya mabati haifanani na mvua ya Kisumu inayokuja jioni na upepo kutoka upande mmoja. Kwa hiyo tulikubaliana na fundi wa paa kwamba salio lake lisubiri mvua moja kubwa. Ilinyesha usiku wa Jumanne. Mama aliweka karai pale palipokuwa pakivuja kwa miaka, akalala. Alfajiri alinipigia kwamba karai ni kavu, nami kabla ya kunywa chai nikamtumia fundi fedha zake.